Kabichi za Chumbani kwa Drusilla

Mvua ya mawe ilifanya kazi yake kwa dakika kumi tu, na Mzee Nyangau aliitazama yote akiwa amesimama mlangoni, jembe mkononi, kama mtu anayengoja zamu yake ya kujibu. Ilipokwisha akashuka kitaluni. Miche mia tatu ya kabichi, aliyoipanda kwa mistari iliyonyoshwa kwa kamba, ilikuwa imepondwapondwa ikachanganyika na matope. Hata kichanja cha nyasi alichokuwa ameijengea juu kilikuwa kimelala chini.

"Hii sasa ni fitina," alisema kwa sauti, ingawa hakutaja ni fitina ya nani. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato pale Manga, na kuna upande ambao mzee wa kanisa hanyoshi kidole.

Mtu mwingine angesema, ah, ni kabichi tu. Mtu huyo hakuwa Nyangau. Mwaka wa sabini na moja alikuwa amenyakua kombe la kabichi katika maonyesho ya kilimo mjini Kisii. Mwaka wa sabini na mbili akalinyakua tena. Na sheria ya kombe hilo ilijulikana na kila mtu mlimani: anayelishinda miaka mitatu mfululizo halirudishi tena, ni lake mpaka kufa kwake. Sasa ulikuwa Machi wa sabini na tatu, maonyesho yalikuwa Julai, na yeye hakuwa na mche hata mmoja. Aliyekuwa wa pili miaka yote miwili ni Mogaka, jirani yake wa ng'ambo ya kijito. Na mbegu za Mogaka, kwa bahati ambayo Nyangau aliiona ni ya makusudi, zilikuwa bado hazijachipuka, kwa hiyo mawe yalipita juu yake bila kuzidhuru.

Kati ya Nyangau na Mogaka kulikuwa na jambo lingine, na hilo halikuwa la kabichi. Miaka sita nyuma, mawe kama hayo yalimkuta Mogaka njiani, akakimbilia nyumba iliyokuwa karibu. Nyumba hiyo ilikuwa ya mwanawe Ombati. Ndani hamkuwa na mtu, maji yalikuwa yameingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, na Mogaka, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, akakaa mahali pekee palipokuwa pakavu. Alikaa kitandani. Esnah, mke wa Ombati, aliporudi akamkuta baba mkwe wake amekaa pale, akapiga yowe lililosikika mpaka kanisani.

Kwa Wakisii hilo si jambo la kucheka. Kuna heshima ya wakwe iitwayo chinsoni, na mzee hapaswi hata kuona mahali mwanawe anapolala na mkewe, sembuse kukaa hapo. Wazee waliitwa, na aliyesimamia kesi alikuwa Nyangau, maana alikuwa na sauti na hakuwahi kuikosa nafasi ya kuitumia. Mogaka alijitetea. Alisema godoro halikuwapo, lilikuwa limeanikwa kwenye kamba tangu asubuhi, yeye alikalia chuma kitupu.

"Kitanda ni kitanda," Nyangau akamkata. "Kiwe na godoro, kisiwe na godoro. Tukianza kuhesabu magodoro tutaishia wapi?"

Akaamua Mogaka asikanyage tena boma la Ombati. Na Mogaka hakukanyaga. Mjukuu wake wa kwanza, Bitutu, alizaliwa mwaka uliofuata, na mzee alimjua kwa kumpokea juu ya ua, asubuhi dakika kumi, jioni dakika kumi.

Basi. Wiki ile ya mawe, Cleophas, mtoto wa Nyangau, alikuja nyumbani. Cleophas alikuwa fundi wa stima mjini Kisii, akikaa katika nyumba za wafanyakazi chini ya kilima cha Nyanchwa pamoja na mkewe Drusilla. Akamkuta baba yake ameketi mbele ya kitalu kama mfiwa.

"Tata, nipe mbegu zilizobaki," alisema. "Drusilla huotesha nyanya ndani ya nyumba kwa taa. Zinakua, tena vizuri. Huko hakuna mawe wala baridi."

"Kwa taa gani?"

"Zile ndefu nyeupe za maofisini. Tunazo mbili, nimezining'iniza kwa minyororo."

Nyangau alimtazama kwa huruma. "Mungu aliumba jua siku ya nne, Cleophas. Wewe la kwako umeliumba lini?"

"Na mimea aliiumba siku ya tatu, tata. Ilikaa siku nzima bila jua."

Somo hilo la siku saba Nyangau alikuwa amelifundisha yeye mwenyewe miaka kumi kila asubuhi ya Sabato, na hakuna siku alipoona shimo hilo. Akainuka akaenda kuleta mbegu.

Kilichomtia wasiwasi zaidi ya taa ni Drusilla. Msichana huyo wa Nyakoe alikuwa karani wa kupiga taipu, na Nyangau alikuwa amekwisha kutangaza, siku ileile ya mahari, kwamba vidole vya taipu havijui udongo. Sasa kombe lake lilikuwa linakwenda kukaa mikononi mwa vidole hivyo. Mbaya zaidi, asingeweza kuvisimamia. Nyumba ya Cleophas ilikuwa ya vyumba viwili: cha mbele, chenye jiko la makaa na moshi wake, na cha kulala, chenye soketi pekee ya nyumba nzima. Taa zilikuwa chumbani. Wazee wengine siku hizi walikuwa wanaingia chumba cha mbele cha wana wao, wanakunywa chai, hakuna neno. Nyangau hakuwa mmoja wao. Alipofika Nyanchwa na mbegu zake katika bahasha, alikaa barazani, mgongo kwa mlango, akatoa amri kwa kupitia dirishani.

"Drusilla!"

"Naam, tata," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Hizo taa ziinue. Taa ni moto, itaunguza majani. Ziwe juu kabisa, zikaribie dari."

"Ndiyo, tata."

Minyororo ikalia. Nyangau akamaliza chai yake, akarudi Manga ametulia.

Baada ya wiki mbili mkewe, Bonareri, ambaye yeye aliruhusiwa kuingia kila mahali, alirudi kutoka mjini na mkebe wenye miche mitano. Nyangau aliitazama. Ilikuwa mirefu kama kidole cha kati, myeupe, myembamba kama uzi, na yote imelala upande mmoja.

"Hii ni nini?"

"Kabichi," alisema Bonareri.

"Hii si kabichi. Hii ni uzi wa kushonea! Nilisema mimi! Nilisema vidole vya taipu!"

Alishuka Kisii siku iliyofuata, kwa miguu, akiwa na bahasha ya mwisho ya mbegu katika mfuko wa ndani wa koti. Zikiharibika hizi, kombe linakwenda kwa Mogaka, na Nyangau ataliona kila siku ya maisha yake likimeta ng'ambo ya kijito. Safari hii Drusilla alitoka barazani, akasimama mbali kama inavyopasa, macho chini.

"Tata, naomba kuuliza. Taa ikiwa mbali, si mche utarefuka kuifuata?"

"Ikiwa karibu utaungua."

"Nimeweka mkono, tata. Hizi si kama balbu. Hazichomi."

"Mkono wako si kabichi."

Drusilla aliipokea bahasha. "Ndiyo, tata," alisema. Akaingia ndani, na minyororo ikalia tena. Nyangau akaridhika. Minyororo inalia sawa ikipanda na ikishuka, lakini hilo hakulifikiria.

Tangu hapo habari zikawa nzuri. Bonareri alishuka kila Jumapili, akarudi anatabasamu. Miche ni mifupi. Ni minene, shina kama penseli. Kijani chake ni cheusi. Drusilla anawasha taa alfajiri akienda kazini na kuzizima saa tatu usiku ili miche ipumzike, maji anaimwagia chini kwenye trei, wala si juu ya majani, na kila asubuhi na jioni anaipapasa vichwa kwa kiganja, taratibu, huku na huku.

"Anaipapasa ya nini?"

"Anasema ndani hakuna upepo. Isipotikiswa haitajua kusimama."

Nyangau alicheka upapasaji huo, ila habari ya shina la penseli aliipokea kama stahili yake. Sabato iliyofuata, nje ya kanisa, aliwaeleza watu waziwazi. "Siri ni kuinua taa," alisema. "Watu wa mjini walikuwa hawajui. Ilibidi niende mwenyewe mara mbili." Mogaka alikuwa amesimama hapo, kofia mkononi. Akasikiliza, akauliza tu kama taa hizo zinawekwa mezani. "Meza ndefu," alijibu Nyangau, ambaye hakuwa ameona meza wala taa.

Miche ilifika Jumapili ya mwisho wa Aprili. Lori la chama cha kahawa liliileta mpaka Nyakoe, na kutoka hapo wanawake wakaipandisha Manga vichwani, kila mche katika kikopo chake cha gome la mgomba. Nyangau alikuwa ameita risaga, ile kazi ya majirani ya kusaidiana shambani, na watu ishirini walikuwa wamekwisha kuchimba mashimo, Mogaka akiwa mmoja wao. Risaga haikataliwi kwa sababu ya kombe. Leo wewe, kesho mimi.

Trei zilipowekwa chini watu walisema "Aaa!" kwa pamoja. Nyangau alichukua mche mmoja, akautikisa. Ulisimama wima, haukuyumba. Kwa furaha akauinua juu watu wote wauone.

Esnah, mke wa Ombati, ndiye aliyeuliza. "Mama, hii mliilea wapi ikawa hivi?"

"Mjini, kitandani," alisema Bonareri.

Majembe yakatua.

"Ungeiweka wapi?" Bonareri aliendelea, akifungua trei nyingine. "Sakafu ni saruji, baridi tupu, tena panya. Meza hakuna. Basi wakateremsha godoro, wao wakalala chini, miche ikalala kitandani mwezi mzima. Springi zinachuja maji vizuri sana, chini unaweka beseni. Na taa iko hapa tu." Akaonyesha kwa mkono. "Kiganja kimoja juu ya majani."

Drusilla, aliyekuwa nyuma ya wanawake, aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Nyangau alikuwa bado ameshika mche. Habari ya kiganja aliisikia, akaiweka pembeni, maana ile nyingine ilikuwa imemjaa masikioni. Angeuweka chini mche ule, ingekuwa ni kukiri kwamba mikono yake imegusa kisichoguswa. Angeendelea kuushika, basi ni hivyo anaonekana, mbele ya watu ishirini, amekumbatia kitu kilichotoka kitandani kwa mkaza mwana wake.

"Kitanda gani hicho?" aliuliza Mogaka kwa upole.

"Cha Cleophas. Kwani wana kingine?" alisema Bonareri.

"Nauliza tu. Mimi si mzee wa kesi." Mogaka akaegemea jembe lake. "Mzee wa kesi yuko hapo. Atuambie. Tupande, au tutupe?"

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza Nyangau kuliko kama wangecheka. Wote walimtazama wakingoja neno lake, kama walivyolingoja miaka yote. Alikohoa. Alisema mambo haya yanahitaji kikao. Mzee mmoja akasema si kikao ndiyo hiki, watu wako hapa, ni wewe tu unayengojwa. Nyangau akasema kuna kitanda na kuna kitanda. Akaulizwa tofauti. Jua nalo lilikuwa limepanda, la saa nne, lile la baada ya mvua linalochoma, na miche iliyokuwa haijawahi kuliona jua la Mungu hata siku moja ilianza kulegea. Jani moja liliinama, halafu mstari mzima.

"Tata," alisema Drusilla kwa sauti ndogo, "jua."

Hapo Nyangau akatoa hukumu. "Kitanda," alisema, "ni pale watu wanapolala. Kama godoro limeondolewa, hicho si kitanda tena. Ni vyuma na mbao. Miche ilikaa juu ya vyuma na mbao. Pandeni!"

Watu wakashusha pumzi, wakainama kuchukua majembe.

"Rudia, tafadhali," alisema Mogaka.

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka kusikia tena." Hakuwa akitabasamu. "Mwaka wa sitini na saba, siku ya yale mawe, godoro la Ombati lilikuwa wapi?"

Kila mtu pale alijua lilikuwa wapi. Nyangau alijua kuliko wote. Aliitazama miche, trei sita, mia tatu kasoro tisa, ikizidi kulala. Akaona kombe. Akaona pia, ingawa hakutaka, mzee mwenziwe amesimama nje ya ua asubuhi na jioni, mikono juu, anampokea mtoto kama anayepokea kikapu. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, ya kutaka kuketi chini.

"Lilikuwa kwenye kamba," alisema.

"Sasa mimi nilikalia nini?"

Mstari mwingine wa miche ukainama.

"Vyuma na mbao," alisema Nyangau.

Mogaka aliitikia kwa kichwa. Aliegemeza jembe kwenye mti, akafuta matope viatuni kwa nyasi, kwanza cha kulia halafu cha kushoto, akaanza kutembea. Esnah alimpita mbio, analia, anafungua kanga kiunoni ili akafute viti. Kutoka shambani watu walimwona mzee akivuka kijito, akifika kwenye lango la Ombati, akisimama na mkono juu ya mwimo. Alikaa hivyo kitambo. Halafu akaingia. Sauti ya Bitutu ikasikika ikiita, "Umepita langoni! Babu umepita langoni!"

Kabichi zikapandwa, mia mbili tisini na moja, na hakuna iliyokufa.

Julai akashinda. Kabichi yake ilikuwa nzito hata mwamuzi mmoja akaomba msaada kuiinua, na Mogaka akawa wa pili tena, kwa mara ya tatu, akampa mkono bila kinyongo. Walimwuliza Nyangau siri yake, akaanza kusema, "Siri ni taa," akamwona Bonareri anamtazama, akasema siri ni Mungu.

Kombe lenyewe halikufika Manga. Bonareri alisema paa lao linavuja na panya watalifanya kiota, afadhali likae mjini, kabatini kwa Drusilla, chumba cha mbele. Nyangau alikataa, lakini likakaa huko huko. Wiki mbili baadaye, hamu ilipomzidi, alishuka kwenda kuliona kombe lake. Alikaa barazani kama kawaida. Akageuza shingo. Kutoka pale lilionekana sikio moja tu la kombe.

"Ingia, tata," Cleophas alisema kutoka ndani. "Huku mbele ni viti tu."

Nyangau alikaa kidogo zaidi, ili isionekane ameharakishwa. Halafu akavua kofia, akaingia nyumba ya mwanawe kwa mara ya kwanza, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Kombe lilikuwa zuri. Lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka, lakini zuri. Drusilla akaleta chai, akaiweka, akarudi nyuma. Ndipo Nyangau alipoona kwamba chini ya mlango wa chumbani, uliofungwa, kulikuwa na mstari wa mwanga mweupe.

"Mmeotesha tena?"

"Ndiyo, tata. Za mvua za vuli."

Moyo ukamfurahi. "Hamkuniambia. Mbegu mmezitoa wapi?"

Drusilla aliangalia sakafu. Cleophas naye akapata kazi ya kukoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

"Si zako, tata," alisema Drusilla. "Ni za Mzee Mogaka. Alikuja mwenyewe, akaketi hapo hapo ulipoketi. Anasema anataka ajifunze kabla ya maonyesho ya mwakani, maana wametangaza kombe jipya."

Nyangau alikunywa chai. Ilikuwa ya moto mno, akaimeza hivyo hivyo. Alitafuta la kukataza, akapita kila mahali alipozoea kulipata, na kila mahali akakuta hukumu yake mwenyewe imetangulia kukaa. Akaliangalia kombe. Akauangalia ule mwanga chini ya mlango, akakumbuka neno la Bonareri: kiganja kimoja juu ya majani.

"Drusilla," alisema mwishowe.

"Naam, tata."

"Hizo za Mogaka." Akainamia kikombe chake, asimtazame mtu. "Taa iinue. Juu kabisa. Ikaribie dari."

"Ndiyo, tata," alisema Drusilla, kwa sauti ileile ya siku minyororo ilipolia mara ya pili.